Kope Chini ya Kizingiti

Kibano changu cha chuma kinakaa kwenye droo ya meza yangu ofisini, kimefungwa kitambaa, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Vijana wananitania kwamba nakionea wivu kama mume. Juzi juzi mashine moja iligoma kuwaka. Elia, mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, alikuwa ameshaifungua na kuifunga mpaka jasho linamtoka. Nikaisogeza dirishani, nikainamia ule utitiri wa vijipini vyembamba vinavyobeba ubongo wa mashine, nikaona kimoja kimelala. Nikakiinua kwa kibano, taratibu, nimezuia pumzi. Mashine ikawaka.

"Dada, wewe mchawi!" Elia akapiga kelele, ofisi nzima ikaangua kicheko. "Haki ya Mungu tena, mchawi kabisa!"

Nikacheka nao. Nimekaa na kompyuta miaka mingi hapa Dodoma na sifa hiyo nimeizoea. Siku hizi fundi hodari ni mchawi, mfungaji wa mabao ni mchawi, mpishi wa pilau naye ni mchawi. Hata mashine zenyewe zina wachawi wao. Ukiingiza programu mpya, kuna kile kijisehemu kinachokushika mkono, bonyeza hapa, kubali pale, mpaka umalize. Wenye lugha yao wamekiita wizard, jina la yule mzee wa hadithi zao mwenye ndevu na kofia ndefu. Kwao ni mzee wa kupendeza na watoto wao wanalala wakimwota. Mimi neno mchawi likitajwa, kwanza hutazama mikono ya watu, kicheko hufuata baadaye. Nilikokulia, likitamkwa mbele ya mlango wako, watu huanza kuangalia mawe yako wapi.

Nililelewa na bibi mzaa mama, baada ya mama kufariki, katika kijiji kimoja cha Chemba ambako vumbi ndilo lililokuwa likikupokea kabla ya wenyeji. Sisi ni Wasandawe. Lugha yetu ina vidoko, ulimi unagonga kaakaa katikati ya neno, na watoto wa Kirangi tuliosoma nao walikuwa wakituigiza kama watu wanaoita kuku. Tuliishi kwenye tembe la udongo lenye paa la bapa, mimi na bibi tu, na mbuzi wachache waliojiona wana haki sawa na sisi.

Kina bibi wa kwetu walikuwa na macho mekundu. Moshi wa kuni ndani ya tembe, vumbi, inzi wa ng'ombe, na maji ya kunawa ambayo kwanza yalipaswa kupikia, yote yaliishia machoni. Ugonjwa wenyewe tuliuita vikope. Ukimkaa mtu miaka mingi, kope zake hugeuka zikaota kuelekea ndani, na kila akipepesa zinakwaruza mboni. Bibi alisema ni kama kuishi na mchanga usiotoka. Dawa waliyoijua ilikuwa kuzing'oa, na zikiota tena kuzing'oa tena.

Kazi hiyo ilikuwa yangu, maana nilikuwa na macho makali na vidole vidogo. Asubuhi, wanaume wakishatoka na ng'ombe, bibi alikaa kwenye kigoda akalielekea jua, nami nikapaka majivu kwenye ncha za kibano ili ukope usiteleze. "Taratibu, mjukuu wangu," alikuwa akisema, "jicho haliazimwi kwa jirani." Sifa zangu zikavuka ua. Wanawake wengine wakaanza kuja na vigoda vyao, na mwishowe akaja hata Bi Hadija, mama yake mwenyekiti wa kijiji, ambaye kwa kawaida hakuwa akikanyaga uwanja wa mtu bila kualikwa. Walisema nina mkono mwepesi, nami nikavimba kichwa. Wanaume hawakuwa na habari. Mambo ya kope yalikuwa ya wanawake, kama mambo ya uzazi, na hakuna aliyeona sababu ya kuwaeleza.

Kulikuwa na sheria moja tu: ukope uliong'olewa hauangushwi chini. Mwenye jicho alikinga kiganja, nikauweka pale, naye akaufunga kwenye pindo la kanga. Akifika kwake aliuongeza kwenye kitambaa alichokizika chini ya kizingiti cha mlango, mahali anapopita mwenyewe kila siku na mgeni hawezi kufukua bila kuonekana. Kilichotoka mwilini bado ni mwili, bibi alinieleza. Mchawi akikiokota, amekuokota wewe mzima. Kwa hiyo kina bibi wote walikuwa wakiwakimbia wachawi kwa njia ileile, kila mmoja na kifurushi chake chini ya mlango wake.

Mwaka mmoja ng'ombe walikufa, tena wa watu wengi. Kisha mtoto wa jirani yetu, Mama Salumu, akashikwa na homa isiyosikia dawa. Mama Salumu alikuwa mwanamke mwema, alishanipa maziwa mara nyingi, lakini hofu ya mzazi haina adabu. Akasema kisimani kwamba bibi yangu alikuwa amemtazama mtoto yule kwa yale macho yake mekundu. Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Kijiji kikachanga kuku na mbuzi, akaitwa mtaalamu wa kufichua wachawi.

Watu wa kazi ile tunawaita lambalamba. Yeye alitoka mbali, na alikuja na vijana wake wenye majembe mafupi. Tulikusanywa kwenye uwanja wa mnada, palipokuwa pakinuka samadi hata siku ambazo hapana mifugo. Nilitarajia kuona mzee wa kutisha, kumbe ni mtu wa makamo, safi, mwenye viatu vya ngozi. Akafunua kioo kilichofunikwa kitambaa chekundu, akakiinua mpaka kikatupiga macho.

"Wenzenu mjini wana kompyuta," akasema. "Mimi kompyuta yangu ni hii, na haitaki umeme. Naiuliza jina, inaniletea sura. Naiuliza nyumba, inanionyesha chini ya sakafu."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno kompyuta. Akaendelea kutufundisha kwamba mchawi haweki vitu vyake mbali. Huvizika pale anapovuka kila siku. "Nyumba yenye kitu chini ya kizingiti," akasema, "ni nyumba ya mchawi. Mwenye nacho akitoe mwenyewe. Kesho nikikikuta, msinilaumu kwa kitakachofuata." Vijana wa kijiji wakaitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwao, nao ndio waliokuwa wakinitengenezea manati.

Nilirudi nyumbani. Nilifikiri kama mtoto anavyofikiri, yaani moja kwa moja, bila kona. Bibi ana kitu chini ya kizingiti, kwa hiyo bibi ni mchawi. Bi Hadija naye anacho, na wale wengine pia. Na kama wao ni wachawi, mimi ninayewang'olea ni nani? Niliitazama mikono yangu. Kumbe wepesi wote ule waliousifia ulikuwa wa kazi hiyo. Jioni bibi akasonga ugali wa uwele, nikashindwa kula, nikawa namchunguza anavyokwangua sufuria kama nitaona alama fulani.

"Bibi," nikasema mwishowe, "wewe ni mchawi?"

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alipangusa machozi yaliyokuwa yakimtoka siku zote, akaniuliza:

"Ningekuwa mchawi ningeumwa macho?"

"Basi tuzifukue, bibi. Tuzitupe kabla hawajaja."

"Tuzitupe wapi? Aziokote nani?" Akashusha sauti, na nikaona kwamba anaogopa kuliko mimi. "Nikizichoma moto nimelichoma jicho. Nikizitupa porini nimejitupa mwenyewe. Afadhali wanikute nazo."

Hapo ndipo sikumwelewa kabisa. Kuitwa mchawi aliona ni hatari; kuokotwa na mchawi aliona ni kifo. Kati ya hatari na kifo alichagua hatari, akaenda kulala. Mimi nililala kwenye mkeka karibu na mlango, mkono wangu juu ya kile kizingiti, kana kwamba ningeweza kukizuia kisiseme.

Asubuhi walianza na kwetu. Mama Salumu alikuwa ameomba hivyo. Kijiji kizima kikajaa uwanjani, mwenyekiti mbele, mama yake Bi Hadija pembeni pamoja na wanawake wengine, wamejitanda kanga mpaka midomoni. Vijana wa mtaalamu wakamtoa bibi nje kwa kumshika mabega. Mtaalamu akakizungusha kioo, akakitazama, akaonyesha mlango, na majembe yakaanza. Vumbi likatanda. Siku chache kabla, kwenye kijiji cha jirani, walikuwa wamefukua pembe za uchawi, na leo nikiwa mtu mzima sina shaka kwamba pembe zile zilifika na mifuko yao. Ila kwetu hawakuhitaji mfuko. Jembe lilitoka na kifurushi cha kanga chakavu, na nilimwona mtaalamu akishtuka, maana safari hii hakuwa amekiweka yeye.

Akakifungua. Ndani mlikuwa na kope, za miaka, zimeshikamana kama sufi nyeusi. Watu wakarudi nyuma.

"Nywele za vichanga," mtaalamu akasema polepole, akipata sauti yake. "Hawa ndio watoto wenu."

Mama Salumu akapiga yowe. Kijana mmoja akainama, alipoinuka alikuwa na jiwe. Mwingine akainama. Mtaalamu akamwambia bibi ajieleze.

"Ni kope zangu," bibi akasema.

Wanaume wakacheka, kicheko kibaya. Mtu ana kope za kujaza kitambaa? Nilianza kulia kwa sauti. Bibi akageuka akaniambia kwa lugha yetu nisilie, niende kwa mjomba wangu. Vidoko vikagonga, na mtaalamu akaruka nyuma. "Mnasikia? Anawaita wenzake!" Mtu mmoja kwenye umati alifyatuka kicheko, maana alichosikia ni bibi akimbembeleza mjukuu. Akakimeza haraka. Hakuna aliyemweleza mgeni. Sitaki kuwalaumu, lakini nakumbuka.

Nikawatazama wanawake. Walikuwa wanajua, wote. Nilikuwa nimeyashika macho yao yote kwa vidole vyangu. Nilimtazama mmoja akatazama chini, nikamtazama mwingine akavuta kanga. Kila mmoja alikuwa na chake chini ya mlango wake, na kila mmoja alijua kwamba atakayefungua mdomo ndiye ambaye majembe yatamfuata. Bi Hadija peke yake hakuangalia chini. Hakuweza. Vumbi la majembe lilikuwa limemwingia, jicho la kushoto limefumba, machozi yanamtiririka, anapepesa na kukunja uso kwa maumivu.

Ningependa kusema nilikuwa na akili ya ajabu. Sikuwa nayo. Niliona jicho linauma, na kibano kilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu kama kawaida. Nikamwendea.

"Bibi, inama," nikamwambia, kama nilivyomwambia kila asubuhi.

Akainama. Nadhani maumivu yaliinama kabla yake. Nikaugeuza uso wake kwenye jua, nikajiambia ukimtoboa umewaua wote wawili. Nikauona ukope wenyewe, mfupi, mgumu, umesimama kama mwiba ndani ya jicho. Niliuvuta. Bi Hadija akashusha pumzi ndefu, akakinga kiganja. Nikauweka pale. Naye, mbele ya mwanawe, mbele ya mtaalamu, mbele ya mawe yote yaliyokuwa mikononi, akalitafuta pindo la kanga yake, akaufunga fundo, akalikaza kwa meno.

Ndipo akakumbuka yuko wapi. Kanga ilibaki mdomoni.

"Mama," mwenyekiti akauliza. "Unafunga nini?"

Bi Hadija akamtazama mwanawe, akamtazama bibi yangu, akakitazama kile kifurushi mikononi mwa mtaalamu. Angeweza kusema hakuna kitu.

"Ukope wangu," akasema. "Ulitaka niuache hapa, huyu mgeni auokote?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliitazama ile sufi nyeusi kwa muda mrefu, na nikaona inamwingia taratibu, kwamba nyumbani kwao kuna mlango na chini yake kuna nini. Mtaalamu naye aliona anachokiona mwenyekiti. Akaanza kusema kwamba kioo lazima kiulizwe tena.

"Kompyuta yako izime," mwenyekiti akasema. "Na hilo shimo lifukieni."

Basi hivyo ndivyo bibi yangu alivyopona. Hakupona kwa haki; alipona kwa sababu shimo lililofuata lilikuwa la mama yake mwenyekiti wa kijiji. Nilidhani mambo yamekwisha, kwa kuwa mtoto hudhani mawe yakishadondoka chini hayaokotwi tena. Lakini neno lilikuwa limeshatamkwa mlangoni kwetu. Mtoto wa Mama Salumu alipona homa, na mama yake akasema amepona kwa sababu bibi ameshtuka akamwachia. Kisimani watu wakatuachia nafasi kubwa. Asubuhi moja tukakuta matawi ya miiba yamewekwa mlangoni, na mjomba, aliyekuwa fundi uashi akiishi Mkonze, pembeni ya Dodoma mjini, akaja kutuchukua na gari la kubebea mchanga.

Siku ya kuondoka wanawake walikuja. Walikuja kwa zamu, wakiachiana nafasi, kila mmoja na kibuyu cha maziwa au unga kwenye ungo, kwa sauti ya juu ya kuaga. Na kila mmoja, akishamkumbatia bibi, aliacha kitu mkononi mwake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaviona. Vilikuwa vifurushi vyao. Walikuwa wamevifukua, waliogopa kukaa navyo na waliogopa kuvitupa, wakamletea yeye. Wa mwisho alikuwa Bi Hadija.

Nilikasirika. Hao ndio walionyamaza! Nikamwambia bibi asipokee.

"Lete," bibi akamwambia Bi Hadija, akakitia kwenye mfuko na vingine. Kisha akanijibu mimi. "Mimi nimeshaitwa, mjukuu wangu. Wao bado. Wanitwike."

Mjomba alimpeleka Mvumi, hospitali ya misheni, wakamfanyia upasuaji wa kope. Bandeji ilipotolewa alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu bila kupepesa, akasema, "Kumbe una kovu kwenye nyusi." Nilikuwa nalo tangu nikiwa mdogo. Halafu akamuuliza muuguzi zile kope zilizokatwa ziko wapi. Muuguzi, mwanamke wa Kigogo mwenye umri wa mama, hakumcheka. Alizitoa mfukoni, ameshazifunga kwenye kipande cha shashi.

Mimi nikaenda shule mjini. Siku waliyotuingiza kwenye chumba cha kompyuta niligoma kukaa. Wenzangu walidhani ni ushamba, na nusu yake ulikuwa ushamba. Kioo cheusi, kimefunikwa kitambaa, na kabla hakijawaka kinakuonyesha sura yako: nilijua kinachofuata ni kizingiti chetu. Nilingoja kinifukue. Kilipowaka kiliniuliza jina langu tu, na nilipoliandika hakikunijibu kitu kibaya. Nadhani kazi yangu yote niliichagua pale, kwa hamu ya kuhakikisha kwamba kile kioo hakijui chochote ambacho hakukiweka mtu.

Bibi alifariki akiwa anaona. Nyumba ya mjomba pale Mkonze, ambako bibi aliuzika ule mfuko wa vifurushi, sasa ni yangu. Nilipoijenga upya kwa tofali na kuweka vigae, fundi aliniuliza kwa nini kizingiti cha mbele nataka kibaki kilekile cha zamani, kimeinuka na kinakwaza watu. Nikamwambia aache maswali, ajenge.

Jumamosi iliyopita Elia alikuja kuchukua mashine niliyomtengenezea. Nilimsikia tangu barabarani, anaimba. Akafika mlangoni, akapiga makofi.

"Hodi, mchawi!"

Nikamtazama mikono kwanza, kama kawaida. Safari hii kicheko hakikufuata, lakini sikukasirika pia. Nilimtazama pale alipo, kijana mzuri, viatu vina vumbi, mguu mmoja umeshainuka kukanyaga.

"Karibu," nikamwambia. "Ila hapo ruka. Usikanyage."

Akaruka.